Kigurudumu cha Nyuma ya Televisheni

Kaseti ya video ilifika Alhamisi, imefungwa ndani ya soksi mbili mpya, mkononi mwa mwanafunzi aliyerudi likizo kutoka Amerika. Kaka yangu mkubwa alikuwa anamaliza mwaka wa nne huko. Chuo kilimchukua kwa sababu ya mbio, na barua zake za mwanzo zilikuwa za mbio tupu. Za mwaka wa mwisho zilizungumzia hali ya hewa. Mama alipomuuliza yule mwanafunzi kuhusu mbio, kijana alimaliza chai yake haraka na kusema goti lilikuwa limemsumbua kaka, "lakini kidogo tu, Mama."

Kaseti ilikuwa ya siku ya kuhitimu. Mama hakujali cheti. Alitaka kumwona mwanawe akitembea.

Baba alikuwa amejua mapema kwamba kaseti ingekuja. Mahindi yalipokwisha kuuzwa Moi's Bridge, alileta nyumbani kwetu Kiplombe televisheni ya rangi na deki ya video. Ile televisheni ya zamani, isiyo na rangi, ilihamishiwa juu ya cherehani pembeni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama kitu kingine chochote ndani ya nyumba ya Mama.

Jumamosi alikuja fundi, jirani yetu mwenye asili ya Murang'a, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio mjini. Nilikaa karibu naye kwa sababu napenda kujua jinsi vitu vinavyofanya kazi. Alichukua waya wa eriali, akauingiza kwanza kwenye deki, kisha akatoa waya wa pili kwenye deki hadi kwenye televisheni. Akatafuta stesheni isiyo na kitu, akaikaza taratibu mpaka chenga zikaisha. Alimwambia Mama aondoe kitambaa juu ya deki, maana deki inahitaji kupumua. Mama alikiondoa, na fundi alipogeuka akakirudisha. Fundi alijaribu kwa kaseti yake ya kwaya. Picha ilikuwa safi, hata vifungo vya mashati ya waimbaji vilihesabika.

"Sasa tujaribu ile yenyewe," akasema.

"Hapana," Mama akasema. "Mtoto hatazamwi kwa kuibia. Kesho tutaomba kwanza, tumwone wote pamoja."

Hivyo ndivyo tulivyokosea. Kwetu jambo jema halionjwi kabla ya wageni.

Jumapili baada ya kanisa sebule ilijaa. Wazee walikaa kwenye viti, akina mama kwenye mkeka, fundi karibu na deki, mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, ikapita, mzee wa kanisa akaomba mpaka chai ikapoa. Baba, amevaa koti, akasukuma kaseti ndani ya deki.

Picha ilitokea na kuanza kupanda. Ilipanda na kupanda bila kusimama, vipande vya watu wenye majoho vikikimbilia juu, bila rangi yoyote.

"Hawa wanahitimu wakiwa kwenye ngazi?" mama mmoja akauliza kutoka kwenye mkeka.

"Kaseti imeharibika?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na watu wakaacha kucheka.

Fundi alipiga magoti mbele ya deki, akaondoa kitambaa. "Haijaharibika, Mama. Amerika wanarekodi kwa mpango wao na sisi tuna wetu. Deki inaisoma, lakini hii televisheni mpya haiwezi kuishika. Kila kitu inajirekebisha yenyewe, haina mahali pa kuzungusha." Akatazama pembeni, kwenye cherehani. "Ile ya zamani inapo."

Kila mtu wa nyumba yetu alikijua kigurudumu kile kidogo cha plastiki nyuma ya televisheni ya zamani. Picha ilipocheza, Baba ndiye aliyekizungusha, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Fundi alihamisha waya. Televisheni ilichukua muda wake kuwaka, kisha picha ikaanza kupanda kama kwa ile nyingine.

"Nikushikie, Mzee?" fundi akauliza.

"Hii najua mkono wake," Baba akasema. Akavua koti, akajibana kati ya cherehani na ukuta. Picha ikapunguza mwendo, ikasimama. Alipoachia, ikapanda. Basi akaendelea kushika.

Watu walionekana wafupi, kama wamekandamizwa. Mstari wa majoho ukasogea, na kaka akatokea.

"Mbona amekuwa mfupi?" Mama akauliza.

"Ni picha, Mama," fundi akasema. "Yeye yuko vile vile."

"Anatembea?" Baba akauliza kutoka nyuma.

Wote tuliinamia mbele. Kaka alipanda ngazi tatu za jukwaa, akapeana mkono, akashuka upande wa pili.

"Rudisha," Mama akasema. Fundi akarudisha. Alirudisha mara nne, na kila mara Mama alisogea mbele zaidi, mpaka akawa ameketi sakafuni, mbele ya wageni wake wote.

"Anatembea?" Baba akauliza tena.

"Anaanza ngazi na mguu wa kulia," Mama akasema. "Zamani alianza na wa kushoto. Lakini hachechemei. Goti limepona, ila halijaaminiwa." Akasogeza uso karibu na kioo. "Na hali chakula."

Kisha akainuka, akazunguka cherehani, akaweka kidole chake juu ya kidole cha Baba kwenye kigurudumu. "Toka. Nenda umwone mtoto wako."

Baba alitoka na vumbi begani. Mkono wa Mama haukuwa na mazoea, picha ikapanda polepole, ikashuka, ikapanda. Fundi akarudisha kaseti. Baba alisimama katikati ya sebule, akikiinua na kukishusha kichwa ili amfuate mwanawe, na hakuna aliyemcheka.

Wiki hiyo niliandika barua kwa niaba yao. Mama aliagiza kaka ale, na asiharakishe lile goti. Baba alifikiri sana, kisha akaniambia niongeze swali moja: joho lilikuwa la rangi gani.