Moshi wa Jikoni kwa Bibi Kabula

Siku yangu ya kwanza kufundisha Shule ya Jumapili, pale mtaani Kambarage, niliwaogopa watoto kuliko walivyoniogopa. Nilikuwa kijana wa kidato cha nne, mpenda nyumbani ambaye safari yake ndefu ilikuwa ya jikoni hadi chooni. Mwinjilisti aliyenisimamia alinipa picha za kutundika ubaoni na mstari wa moyo, yaani aya ambayo mtoto huikariri wiki nzima. "Wakikariri bila kutenda, Mwalimu," akasema, "umefuga kasuku."

Miaka ya sabini nikahamishiwa kijiji kimoja upande wa Segese. Huko kila darasa lilikuwa na mzee wake wa kumtekea maji. Letu lilipangiwa Bibi Kabula, mjane mwenye macho mekundu. Nyinyi vijana huenda hamjui uzito wa maneno hayo. Kikongwe wa macho mekundu aliitwa mchawi, na mchawi alikatwa mapanga. Tena jirani yake alikuwa ametoka kuzika mtoto.

Nikamwomba Mchungaji anibadilishie mzee.

"Una homa?"

"Hapana, Baba Mchungaji."

"Basi ni woga. Huo hauna likizo. Nenda."

Jumapili iliyofuata mvua ilitukuta kwa Bibi, tukajibana wote jikoni. Kuni hazikuwepo, alipikia mavi makavu ya ng'ombe, ambayo moshi wake huwasha kama pilipili. Watoto walikariri mstari huku wakifikicha macho.

Mvua ilipokatika, nikasikia wanaume uani. Nilichungulia, nikaona mapanga.

"Mchawi atoke," ilisema sauti ya Masanja, baba wa Nyanzobe, mwanafunzi wangu mdogo kuliko wote.

Kabla sijamzuia, Nyanzobe alimshika Bibi mkono, akatoka naye. "Shikamoo, baba."

Masanja akamkazia macho. Macho ya mwanawe yalikuwa mekundu kama ya Bibi. Wakatoka watoto wengine, wote vilevile, na mwisho mimi.

"Nani kakufanya hivi, mayu, mama yangu?"

"Moshi, baba. Bibi hana kuni."

Wanaume wakayatazama macho ya Bibi, kisha ya watoto. Masanja aliuendea mgunga mkavu uliokuwa kando ya boma, akaanza kuukata kuni kwa panga lake. Mmoja mmoja, wenzake wakamfuata.

Bibi alikufa miaka mingi baadaye, kwa uzee. Sasa nimestaafu, na watu huniuliza Shule ya Jumapili ilimjenga vipi mtoto. Huwasimulia mkono wa Nyanzobe. Lakini hadi leo, moshi ule ukinifikia, huwaita wajukuu ndani kwanza, kisha nikatega sikio kusikia kama kuna wanaume uani.