Pampu ya Kahawia Siku ya Kumzika Baba

Jamani, aibu nyingine ukiisimulia watu wanacheka kabla hujafika penye kilio, kwa hiyo chekeni tu: mimi, kifungua mimba wa baba yangu, nilikosa kumzika ilhali nilikuwa nimesimama pembeni mwa kaburi lake kule Mgwashi.

Kisa ni hii pumu yangu. Kliniki walinipa pampu mbili, daktari akaniambia ya kahawia vuta kila siku, ya bluu vuta ukibanwa, kisha akauliza, "Unaonaje mama, utaweza?" Nami kwa adabu zote nikamjibu, "Daktari, mimi nitaonaje tena, si wewe ndiye uliyesomea?" (Kwetu daktari haulizwi maswali, unashukuru unaondoka.) Nyumbani nikajiona mzima, nikasema dawa ni ya mgonjwa, mzima anavuta ya nini, hii ya kahawia bila shaka ndiyo kali, acha niibanie kwa siku ya shida.

Siku ya maziko pochi yangu nyeusi ni ndogo, basi nikachukua hiyo "kali", ya bluu nikaiacha kabatini.

Moshi wa kuni za wapishi, vumbi, kilio juu, nikasimama kusoma historia ya marehemu, sijafika hata alipobatizwa, kifua kikafunga. Nikavuta kahawia. Wapi! Nikavuta tena na tena mbele ya umati, macho yamenitoka, nasikia mtu ananong'ona, "Huyu anavuta nini, hata msibani?" Shangazi akanikumbatia kwa nguvu zake zote akipaza sauti, "Mwacheni alie, ni uchungu wa baba yake!" Akina mama wakanizunguka wakilia zaidi, hewa kidogo iliyobaki wakaimaliza, nami nataka kusema ni pumu, sauti haitoki. Nilipoangukia mashada ya maua ndipo binamu yangu akanipakia kwenye pikipiki hadi zahanati.

Muuguzi akanivutisha dawa ya mvuke, nikapumua. "Mama, ya kahawia ni ya kukinga, ukishabanwa haikuokoi. Hukuambiwa?"

Kwamba ni ya kila siku niliambiwa. Kwa nini, sikuambiwa wala sikuuliza.

Nilirudi jioni, mama yuko mlangoni. "Tulikungoja mwanangu, mvua ikaanza, mchungaji akasema tumalize." Nikaenda kaburini, nikachota udongo wa kumtupia baba, shimo lenyewe limeshafukiwa, nikabaki nao mkononi nalia kama mtoto.

Nimeapa, sitoki tena kwa daktari kabla sijajua dawa hii ni ya nini na inafanyaje kazi, aniite mbishi akipenda. Kifua changu sasa kimetulia, nashukuru Mungu, ila baba hazikwi mara mbili.