Aliyewalinda Kobe wa Mto Lowa

Juma lililopita dereva wa lori la mafuta ya mawese alisimama mbele ya nyumba yangu hapa Masisi, akashuka bila kuzima injini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilijua kabla hajafungua kinywa. “Mwalimu,” akasema, “ule rafiki yako wa Walikale, mwenye alikuwa anakamata kobe ku Lowa, hatuko naye tena. Homa njo ilimubeba.” Nilimshukuru, nikaingia ndani, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni bali woga. Msimu wa maji kupungua umekaribia. Mchanga wa Lowa utajitokeza tena, kobe watapanda kutaga, na safari hii yeye hayupo.

Wasomaji wangu wa milimani, ambao mto kwenu ni kijito cha kuoshea maharagwe, huenda hamjamwona kobe wa mto. Si yule mdogo wa msituni mwenye gamba gumu. Huyu ni mpana kama sinia kubwa, gamba lake ni laini kama ngozi iliyolowa, na pua yake ni ndefu na nyembamba, huichomoza juu ya maji kupumua halafu akatoweka. Nyama yake ni tamu, na marehemu aliishi kwa nyama hiyo. Aliwachoma kwa mkuki, akawauza barabarani kwa madereva wa kwenda Kisangani. Hakuna aliyemlaumu, kwani kila mtu alikula.

Nilikutana naye katika miaka ile mibaya ya vita, tulipokimbia kijiji chetu cha Bihambwe. Nyumba zilikuwa zikiungua upande wa chini wa kilima, nasi tukashika njia ya msitu, mimi, mke wangu na mtoto wetu wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Tulifika Lowa tumeishiwa nguvu. Marehemu alitukuta tumekaa kwenye majani ya ukingo, akatuonea huruma, akasema atatuvusha kwa mtumbwi wake. Kabla hatujainuka tulisikia sauti za watu ng’ambo. Walikuwa wanaume wenye bunduki, wameshuka kunywa maji mchana kweupe. Hatukujua ni wa upande gani, na siku zile kutojua kulitosha kumkausha mtu mate. Tulilala kifudifudi. Mke wangu alimtia mtoto titi kinywani.

Hapo ndipo kobe alipotoka majini. Alipanda mchanga mbele yetu, karibu kabisa, akasimama, akanyoosha shingo. Marehemu alikuwa na mkuki mkononi, na mkono ulijiinua wenyewe kwa mazoea. Nilimwona akifikiri. Kisha akaushusha polepole, akaninong’oneza, “Kaka, musisongee. Akishituka ataruka mu mayi na makelele, na bale batageuka kuangalia huku.” Basi tukabaki hivyo. Kobe akachimba kwa miguu ya nyuma, akaanza kutaga, mayai meupe ya mviringo yakidondoka moja baada ya jingine. Ng’ambo mmoja wa wale wanaume alicheka kwa nguvu. Kobe aliirudisha shingo ndani, akatulia, nikadhani sasa atakimbia na sisi tumekwisha. Akaendelea kutaga. Mtoto aliachia titi, akavuta pumzi kama anayetaka kulia. Mke wangu alimkumbatia kifuani, macho yake yakiwa yamefumbwa kabisa. Mtoto hakulia.

Wale watu walijaza vibuyu vyao wakaondoka. Kobe alikuwa bado anafukia shimo lake. Tulikuwa na njaa ya kutisha, nikamwambia marehemu, “Sasa tunaweza kumuua.” Hakuniangalia. “Hapana, Kaka,” akajibu. “Huyu amesikia bale bantu kama vile sisi tumebasikia. Ameogopa kama sisi. Lakini hakuacha kazi yake. Mimi siwezi kumuchoma.” Tukamtazama akirudi majini. Kisha alituvusha, akatufikisha kwake, na mke wake akatupikia sombe, yale majani ya mihogo, na samaki.

Amani ya namna yake iliporudi, nilikwenda kumsalimu. Alikuwa ameacha mkuki, analima mihogo, na kila msimu wa mchanga alikuwa akishinda ukingoni. Siku ile walikuja vijana kutoka machimbo ya dhahabu ya Omate, wana majembe na vikapu, wanataka mayai. Alisimama juu ya mchanga. “Bwana zangu, hapa musichimbe. Mukimaliza mayai, watoto wenu watakula nini?” Mmoja alimsukuma kifuani hadi akaanguka. Akainuka, akasimama palepale. Wakatukana, wakaenda zao. Nikamuuliza kama haogopi. “Ninaogopa sana, Mwalimu. Kila siku ninaogopa.” Jioni ile nilimsimulia habari za kasa, ndugu wa baharini wa kobe hawa, ambao nao hupanda ufukweni kutaga. Akauliza, “Na kule, bantu banabaacha?” Nikamwambia wengi huwala, wao na mayai yao. Akainuka, akarudi kukaa ukingoni.

Nimefikiri sana juu ya swali lake lile. Tumetoka katika miaka ambayo kila mmoja wetu alijificha mahali fulani akiomba asionekane. Ungedhani tungekuwa watu wapole zaidi kwa kila kiumbe kinachojificha. Badala yake nasikia mayai yanauzwa barabarani kwa vikapu, na tope la machimbo linashuka mtoni na kufunika mchanga safi. Mto ukiisha kobe, hatutapata wengine wa kuwaleta kwa lori.

Nilikwenda Walikale kuhani msiba. Mjane alikuwa amekaa mkekani na wanawake wa jirani. Baada ya sala aliinua uso, akawauliza watu wote waliokuwemo, “Mayi iko inapunguka. Nani atasimama kule ku muchanga?” Niliwakumbuka wale vijana na majembe yao, na mimi si mtu wa kupigana. Lakini nilimwona tena akilini rafiki yangu akianguka na kuinuka, naye akiogopa. Ikiwa tutangoja woga uishe ndipo tulinde kitu, hatutalinda chochote. “Mama,” nikasema, “nitasimama mimi.” Mwanamume mmoja nyuma yangu akakohoa, akasema, “Basi tutakuwa wawili.”