Unga wa Babu Ukingoni mwa Rufiji

Shule mimi niliiacha kidato cha pili, tukiwa tumechokana wote wawili. Ila kwetu Mchukwi nilijulikana kama mtaalamu wa safari, kwa hiyo bibi yangu alipotaka kwenda hifadhini alinifuata mimi. Nikamwambia hakuna tabu, kule ni kama kwenda sokoni Kibiti. Mwenyewe sikuwahi kufika.

Bibi hakufuata wanyama. Wanyama anawajua, nguruwe wamemlia mpunga miaka yote. Alimfuata babu yake, aliyetoka nyumbani wakati wa Vita vya Maji Maji, akavuka mto na dawa yake mwilini, asirudi. Kaburi hana. Waliobaki waliachiwa maelezo tu: pale mto unapopinda, penye miti ya mivumo. Siku hizi pale ni hifadhi. Bibi alitaka babu huyo amwagiwe unga wa mtama na kusomewa Fatiha kabla miguu yake haijagoma kabisa.

"Nikishamaliza hilo," alisema, "hata nikifa, nimepumzika."

Nilivaa kanzu nyeupe na kofia yake. Langoni nikaambiwa rangi hiyo wanyama wanaiona toka mbali. Nikasema ndiyo vizuri, wasije wakanikanyaga kwa bahati mbaya.

Tukapanda boti na askari wa hifadhi, mama wa makamo, bunduki begani, mwenyewe ndiye anayeendesha. Mto ulikuwa umetulia, viboko wametoa masikio tu. Nilikaa katikati kabisa, nikadai boti isije ikalala upande.

Shida ikaja: mivumo ipo kila mahali, na mto wenyewe unapinda kila ukigeuka. Bibi alitazama huku na huku, unga kaufunga kwenye pindo la kanga, kaushika kwa mikono miwili.

"Bibi, mto huu unahama," askari akamwambia. "Penye maji leo, zamani palikuwa nchi kavu."

Bibi akafikiri kidogo. "Basi na yeye atakuwa anahama nao. Simama hapo."

"Kushuka hairuhusiwi, mamba wapo. Mwaga kutoka humu humu."

"Unga wa marehemu unamwagwa chini, mwanangu. Nikimwaga majini nimelisha kambale."

Nikajaribu kumtetea kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili. Wote wawili wakaniomba ninyamaze.

"Kwani wewe kabila gani?" Bibi akamuuliza.

"Mngoni, wa Songea."

Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Sisi Wamatumbi na Wangoni ni watani, na kwetu msibani mtani ndiye mwenye kazi.

"Kumbe ninyi ndio mliochelewa vitani, mkakuta sisi tumeshakufa."

"Tungewahi vipi, bibi, na maji yote mlikuwa mmeyamaliza ninyi?"

"Haya, mtani. Hapa una msiba. Fanya kazi yako."

Askari alitazama maji, akatazama ukingo, akatazama tena maji. Kisha akasogeza boti kwenye mchanga mkavu.

"Mgeni hashuki," akasema. "Mimi si mgeni."

Akapokea unga, akashuka, akaumwaga taratibu chini ya mvumo. "Mzee, mjukuu wako kafika. Kaja na mwenye kanzu, ila huyo vitani usimtegemee."

Bibi akasoma Fatiha. Nilipoitikia amina, kiboko akakoroma nyuma yangu, amina ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa madrasa.

Mtani hapewi asante, anachukua. Aliporudi botini alinivua kofia, akaivaa yeye mpaka langoni.

Njia nzima Bibi alikuwa kimya, pindo la kanga limelegea. Nikakumbuka lile neno lake la kupumzika, nikaogopa hata kumtazama. Mara akanigusa bega.

"Mume wangu," akasema, ndivyo anavyonitania, "mbona tembo hatujawaona?"

"Labda wako ndani zaidi, bibi."

"Basi mwakani tuingie ndani zaidi. Ila hiyo kanzu uiache nyumbani."