Injini ya Boti Iliyokuwa Ikizimika

Wakati wa vita vya shifta, waasi wa Kisomali, Mto Tana ulifurika ukakata kamba ya kivuko cha Garissa. Lori lililobeba dawa za hospitali likakwama ng'ambo, upande wa barabara ya Nairobi. Huku kwetu, nje ya mji, serikali ilikuwa imewakusanya watu ndani ya kambi ya seng'enge, na ugonjwa wa kuhara ulikuwa umeingia. Dada yangu alikuwa humo na bintiye mchanga.

Mimi nilikuwa fundi wa magari. Nilijua kuna injini kuukuu ya boti imetupwa katika stoo ya serikali, imeota kutu, panya wamezaliana ndani ya kifuniko chake. Nikamwendea afisa wa jeshi aliyelinda mto, nikamwomba injini hiyo nivushe dawa kwa boti.

"Msomali na boti?" akaniuliza. "Unataka kuwavusha shifta?"

"Nipe askari wako nikae naye botini, afande. Nikienda kwingine, anipige risasi."

Muuguzi wa hospitali, mama wa Kikamba, alikuwa amefuatana nami. "Afande," akasema, "jana nilifumba macho ya watoto kwa mkono wangu huu. Mwache afanye kazi."

Afisa akatoa ufunguo wa stoo.

Pistoni ilikuwa imekwama. Nilichomoa plagi, nikamimina mafuta ya taa tunduni, nikawa naizungusha injini kwa mkono kidogo kidogo mpaka ikalegea. Mpira wa pampu ya maji ulipasuka nilipoushika, nikachonga mwingine kutoka tairi la lori. Nikaifunga injini kwenye pipa la maji, nikavuta kamba. Ikanguruma! Muuguzi akapiga vigelegele. Hajamaliza, ikazima.

Nikavuta tena, ikawaka, ikazima. Nikafungua kabureta, nikaikuta safi. Nikabadilisha plagi. Hali ikawa ile ile.

"Achana nayo, fundi," askari niliyepewa akaniambia. "Imekufa hiyo."

"Iliyokufa haiwaki," nikamjibu.

Nikafungua kifuniko cha tangi kutazama petroli, nikasikia hewa ikivutwa ndani, fyuu. Hapo nikaelewa. Kifuniko kilikuwa na kitundu cha kupumulia, na kutu ilikuwa imekiziba, kwa hiyo petroli ilishindwa kuteremka. Nilikizibua kwa sindano ya muuguzi. Safari hii injini iliunguruma mpaka maji ya pipa yakapata moto.

Tuliifunga kwenye boti la bati lililokuwa kivukoni, tukaingia mtoni mimi na askari. Mkondo ulitusukuma chini, magogo yakipita ubavuni, naye askari akichota maji yaliyoingia botini kwa kofia yake ya chuma, akiomba kwa lugha ya kwao. Tulirudi na makasha ya dawa, tukaenda tena, mpaka jua likakaribia kuzama.

Nikabeba kasha moja hadi lango la kambi. Dada yangu alikuwa amesimama nyuma ya seng'enge, mikono mitupu.

"Walaal, ndugu yangu, tumemzika asubuhi," akasema.

Nikaketi mchangani. Yeye hakulia. Aliniambia, "Kaka, wenzake bado wako humu. Dawa zimekwisha kule ng'ambo?"

"Hazijaisha."

"Basi inuka."

Kulipopambazuka nilikuwa mtoni, natia petroli.