Mmoja wa Mjukuu, Mwingine wa Mwenye Duka

Sista wa zahanati ya misheni aliinamia tumbo langu na ile pembe yake ya mbao, akasikiliza kushoto, akahamia kulia, akarudi kushoto tena. Nikadhani mtoto amekufa. Alipoinuka akaniambia anasikia mioyo miwili, na mimi, kwa akili zangu za wakati ule, nikamuuliza kama huo wa pili si wangu mwenyewe. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Ni mapacha, akasema, nenda nyumbani ukawape habari njema.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu hawajamaliza hata kuezeka vizuri baada ya kuhamishiwa vijijini, na mimi nilikuwa mgeni upande huu wa Mhunze. Kwetu ni Ushirombo. Baba yangu alikuwa katekista, mtu wa kanuni. Ngoma ya mapacha ikilia popote jirani, alifunga madirisha na kutupigisha magoti tusali rozari. Kwa hiyo nilikua nikiijua sauti ya ngoma ile, lakini maneno yake hapana. Mume wangu alikuwa utingo wa lori la pamba. Alinioa, akanileta kwao, akapanda lori: leo yuko Isaka wanashusha marobota kwenye mabehewa, kesho Mungu ndiye ajuaye. Niliachwa kwa bibi yake mzaa baba, mwanamke mfupi mwenye masikio makubwa yaliyochomoza kila upande wa kilemba, na mdomo usio na breki. Aliniita mke mwenzangu, na hilo halikunisumbua. Hata kwetu mjukuu ni mume wa bibi.

Basi siku ile nikarudi nikitegemea vigelegele. Bibi alikuwa anaanika michembe ya viazi na mawifi zangu wawili. Akanisikiliza, akakung'uta mikono, wala hakutabasamu.

"Mmoja wa mjukuu wangu, sawa," akasema. "Na huyo mwingine ni wa nani? Wa mwenye duka?"

Mawifi wakainamisha vichwa. Mimi nikabaki nimeshika mtungi wa maji niliopitia kisimani, sijui niutue au niukumbatie.

Huyo mwenye duka alikuwa muuzaji wa duka la ushirika pale kijijini. Sukari enzi hizo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na mara moja, nasema mara moja tu, alinifichia kilo chini ya meza kwa sababu naye ni mtu wa kwetu Bukombe na tulisalimiana Kisumbwa. Sasa bibi alijuaje? Dhambi sikuwa nayo, lakini woga ulinijaa kana kwamba ninayo. Kesho yake kisimani, wanawake walikuwa wameshalitia neno la bibi kwenye wimbo, wanaimba huku wanateka maji, mmoja wa mjukuu, mwingine wa mwenye duka. Nikajitwika ndoo yangu ikiwa nusu, nikaondoka.

Mume wangu alipopita nyumbani wakamwimbia naye, uso kwa uso. Nilimkodolea macho nione atafanya nini. Akaguna kama anayetaka kucheka, akatazama chini, kisha akaenda zake kuosha lori. Nikajua basi, ameamini. Nitarudishwa Ushirombo na tumbo la watoto wawili, na baba yangu atauficha wapi uso wake Jumapili mbele za watu?

Nililia, kisha nikaanza kupiga hesabu. Nikajiambia hivi: watoto wakitoka wamefanana kama punje za mahindi, nani atasema wana baba wawili? Bibi mwenyewe atafunga mdomo. Lakini wakitofautiana, nimekwisha. Kwa hiyo jambo nililolitaka duniani lilikuwa moja tu, kujua mapema hawa wa tumboni wanafanana au hawafanani, ili kama hawafanani nitafute njia ya kuondoka kabla sijafukuzwa.

Nikamrudia sista. Akanieleza vizuri tu, taabu ilikuwa kichwani mwangu. Alisema kuna mapacha wa yai moja lililogawanyika, hao ndio wanaofanana, na kuna wa mayai mawili, hao ni kama ndugu wengine wowote. Tumboni hawezi kujua. Wakizaliwa ataangalia kondo la nyuma: likiwa moja huenda ni yai moja, yakiwa mawili huenda ni mayai mawili. Ila makondo mawili nayo hushikana yakaonekana moja, na hata wa yai moja wakati mwingine kila mmoja huja na lake. Hakika iko moja tu, wakitoka wa kiume na wa kike, hao ni mayai mawili.

Huenda hii, huenda ile. Njia nzima nilijaribu kuzipanga zikanikimbia kama vifaranga. Kilichobaki kichwani ni hayo mayai mawili. Nikajisemea, mayai mawili, basi na majogoo wawili. Ningeuliza neno moja tu zaidi angenicheka na kuniambia kuku mmoja hutaga kikapu kizima kwa jogoo yuleyule. Lakini nani anamwuliza sista habari za majogoo?

Jirani yangu alikuwa na elimu yake. Wakipiga teke pamoja, alisema, wanafanana. Wakipokezana, kila mtu na sura yake. Mwingine akasema niangalie ninachotamani. Ukitamani kitu kimoja ni sura moja. Mimi nilitamani udongo wa kichuguu asubuhi na maziwa mgando jioni, nikaona hiyo nayo ni mashtaka. Baba mkwe, ambaye mawazo yake yote hupita kwanza zizini, alisema yeye anaomba tu wasichanganyike, maana ndama jike aliyezaliwa pacha na dume hazai. Binti niliyekuja kumzaa leo ana watoto mpaka nayachanganya majina yao, lakini siku ile sikulala.

Nilikuwa nakaa kivulini nimeweka mikono yote miwili tumboni nangojea. Wa juu anapiga mbavu, wa chini kimya. Wa chini anaamka, wa juu amelala. Nikawa nawabembeleza kwa sauti, jamani pigeni pamoja hata mara moja, mniokoe mama yenu.

Tumbo lilipozidi ukubwa, sista alinituma hospitali ya Shinyanga mjini nikapigwe picha. Mpiga picha akaiinua kwenye mwanga, nikaona migongo miwili imelala mmoja kichwa juu, mwingine kichwa chini, kama sato waliobanikwa. Nikamuuliza kama wanafanana.

"Mama, mifupa haina sura," akasema, akaita mwingine.

Walizaliwa misheni. Wa kwanza wa kiume, na nikafurahi kwa muda mfupi sana, maana wa pili alipotoka sista alitangaza kwa sauti ya shangwe kwamba ni wa kike. Akayaangalia makondo, akasema mawili, kila mtoto na lake. Niligeukia ukutani nikalia. Wakadhani ni uchungu wa uzazi, wakanipa uji.

Mume wangu alikuja na bibi. Mume akamtazama wa kiume, akamrudisha. Akamchukua wa kike, akamfunua kitambaa kichwani, akamwangalia muda mrefu amebana midomo. Akamfunika tena. Mimi nikajifanya nimelala.

Tulipofika nyumbani ngoma ilikuwa inatungoja njiani. Tukanyunyiziwa maji ya unga mwili mzima, mimi, mume wangu na watoto, na wanawake wakaanza. Maneno waliyoyaimba sitayaandika. Wanawake niliowaheshimu, mmoja wao mke wa mzee wa kanisa, walinitaja viungo vyote nilivyonavyo, wakamtaja mume wangu vyake, wakamalizia na mama yangu huko Ushirombo asiye na habari. Kisha wakageukiana wao kwa wao, kila mmoja akapewa hawara wake, hata yule mke wa mzee wa kanisa, naye akaitikia kwa kucheza. Na mwenye duka mwenyewe alikuwepo anapiga njuga. Nilisimama na unga unanidondoka puani, nikijiuliza, sasa kama sote tumezini, anayemfukuza mwenzake ni nani?

Wakamsukuma mume wangu katikati. Ngoma ikanyamaza. Akamwinua binti yetu juu, akamtoa kitambaa, na masikio yakachomoza kila upande.

"Wa kiume ni wangu," akasema. "Huyu wa kike, tazameni masikio. Baba yake ni bibi."

Watu walianguka chini kwa kicheko. Bibi alicheza mpaka kilemba kikadondoka, na pale yakaonekana masikio yaleyale, makubwa, mawili. Mimi nililia mbele za watu wote kwa sauti, na safari hii sikutafuta ukuta.

Baadaye nilimkamata mume wangu nyuma ya nyumba. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote ile akaniacha nife na roho yangu.

"Baba wa mapacha hajibu mpaka watoke," akasema, ananishangaa. "Zamu yangu ilikuwa haijafika. Nilijua unajua."

Nilikasirika. Nikamwendea bibi. Nilimwambia kila kitu, yai, jogoo, mateke, mzigo niliokwisha kuufunga tayari kwenda kudandia lori. Naye aliwahi kuzaa mapacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, amempakata binti yangu mwenye masikio yake.

"Na sisi nani alituambia?" akasema.

Bibi alishazikwa zamani, na sasa mzee wa ngoma hiyo ni mimi. Binti aliyeolewa hapa akirudi zahanati na habari ya mioyo miwili, ni mimi ninayemuuliza huyo wa pili ni wa nani, tena sitabasamu, na mwanamume wa kumsingizia namchagua kwa makini. Namwona anavyoshikwa na butwaa. Kisha namwita jikoni anisaidie kuni, nafunga mlango, namwambia, "Ni utani, mwanangu. Mumeo anajua. Usihangaike kutafuta wanafanana au hawafanani." Wenzangu wanasema naiharibu mila. Waseme.