Mwanamke wa Miwani ya Mnyororo

Kwa miaka kumi na minne vitabu vile ndivyo vilivyomlisha yeye na mumewe, na hakuwahi kufungua hata kimoja.

Vilikuwa vitabu vya picha, vya falsafa kwa wanaoanza: kila ukurasa mwanafikra mmoja, mchoro wa kuchekesha, maelezo mafupi. Mumewe alichora. Yeye, mwalimu mstaafu, alisoma prufu. Maelezo yalimfikia kwenye karatasi zisizo na picha, akayapitishia kalamu nyekundu. Michoro ilitoka chumba cha nyuma ikaenda moja kwa moja kwa mchapishaji, na maneno ya ndani ya viputo, yale wanayosema waliochorwa, mumewe aliyaandika mwenyewe kwa mkono. Kitabu kikitoka, kiliingia kabatini na nailoni yake. Msoma prufu yeyote atakwambia: fungua kitabu kilichokwisha kuchapwa, na kosa ulilolipitisha ndilo litakalokukodolea macho kwanza.

Basi mume akafariki. Waombolezaji wakarudi makwao, viti vya kukodi vikachukuliwa. Akabaki anapima maji ya chai ya watu wawili, na kusahihisha gazeti ambalo hakuna wa kumsomea makosa yake.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, asubuhi, mhariri alibisha hodi na bahasha.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Kaa. Si hicho cha dirishani.”

Mhariri akahama kiti cha marehemu, akatoa kurasa. Ni kitabu cha mwisho, cha fikra za baada ya usasa. “Marehemu alimaliza michoro yote. Viputo ishirini na kimoja ndivyo vitupu. Vya yule mama.”

“Mama yupi?”

Mhariri akamsogezea ukurasa mmoja.

Mwalimu akaivaa miwani yake, iliyoning’inia kifuani kwa mnyororo. Kwenye karatasi palikuwa na mwanamke mrefu, shingo kama twiga, miwani inaning’inia kifuani kwa mnyororo, kalamu sikioni, anamnyooshea kidole mwanafikra aliyenywea kama mtoto mchelewaji.

Alikwenda kabatini, akachana nailoni ya kitabu cha kwanza. Mwanafikra anayeshuku kila kitu alikuwa ameinama anawaza, na mwanamke yule yule juu yake: “Ukimaliza kushuku, funga mlango. Vumbi linaingia, na hilo halina shaka.”

“Nimegeuzwa kichekesho,” alisema. “Na mume wangu wa ndoa.”

“Wasomaji wanampenda, Mwalimu. Wanamwandikia barua.”

“Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini kata haipiti mitaani ikitangaza! Mwondoeni. Nyumba hii ina jina lake.”

“Tukimwondoa yeye, michoro ishirini na mmoja inaondoka. Kitabu chenyewe kinabaki mifupa.” Mhariri alisimama. “Nitapita Ijumaa kuchukua jibu.”

Mwalimu akampigia simu wifi yake, dada wa marehemu.

“Kwani hukujua?” Wifi alicheka mpaka akakohoa. “Wifi yangu, nyani haoni… nisimalizie, nakuheshimu.”

“Ulijua, ukanyamaza?”

“Kila mtu alijua. Mimi nilidhani mnacheka pamoja.”

Akaiweka simu chini. Hawakuwa wakicheka pamoja. Katika nyumba ile alicheka mmoja, chumba cha nyuma, mlango umerudishwa, na yeye akiwa sebuleni hupaza sauti: “Unacheka nini peke yako kama mwehu?” Kicheko kikakatika. Kila mara kilikatika.

Siku mbili alikaa na zile kurasa. Alitafuta mchoro mmoja tu uliomsingizia, apate kumfuta yule mwanamke kwa haki. Hakuupata. Shingo ndiyo hiyo, kidole ndicho hicho. Hata kitambaa cha begani, kilichochanika pembeni, kilichorwa uzi kwa uzi. Mtu hachori hivyo kitu asichokitazama.

Alhamisi akachukua kalamu. Mwanafikra mmoja alidai maana ya neno haitulii mahali pamoja. Akaandika: “Basi iambie isubiri nje, nimetoka kupiga deki.” Mwingine alisema zama za kisa kikubwa kimoja, chenye kubeba ukweli wote, zimekwisha. “Na hicho ulichonisimulia sasa hivi ni kidogo?” Mara moja alicheka kwa sauti, akageukia mlango wa chumba cha nyuma kuona kama kuna aliyesikia.

Akafika cha ishirini na moja. Mwanamke ameketi mezani anasahihisha, amegeuka. Mlangoni amesimama mwanamume mfupi, wino mpaka kwenye viwiko, mdomo wazi. Kiputo hiki kilitoka kwa mwanamume, si kwa mwanamke. Mhariri alihesabu bila kuangalia.

Aliishika kalamu mpaka chai ikapoa. Angesema nini? Miaka thelathini na mmoja kila sentensi aliyoianza yule bwana, yeye ndiye aliyeimalizia, kisha akaisahihisha.

Ijumaa mhariri alipitia kurasa akitabasamu, mpaka ya mwisho.

“Hiki umekiruka, Mwalimu.”

“Sikukiruka.”

“Kiende kitupu? Wasomaji watasema msoma prufu alisinzia.”

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani. Akaivua miwani, ikaanguka kifuani kwa mnyororo wake.

“Waseme,” alijibu.